Risala kwa Fundi Rodrick, Aliyezilea Parachichi za Akheri Baharini

Mgeni rasmi, Fundi Rodrick Mmari, uliwahi kufikiri, ukiwa juu ya zile ngazi za chuma katikati ya bahari, kwamba huku Akheri kuna watu walikuwa wanakuombea bila kulijua jina lako?

Karibu

Sisi wanakikundi sitini na wawili tunasema karibu sana. Shikamoo zako tumezipokea zote. Ulipofika umemwamkia kila mzee, mkono kwa mkono, mpaka mwenyekiti wetu Mzee Eliamini akasema, "Jamani, mwacheni anywe maji kwanza, marahaba nyingine atazichukua kesho." Mtoto wa Olasiti aliyeizunguka dunia na bado anawainamia wazee, huyo ni wetu, hata kama ukoo wake ni wa Rombo.

Tulikotoka

Zamani hapa ilikuwa kahawa na migomba. Parachichi ilikuwa kivuli tu, na matunda yake ni ya watoto na nguruwe. Miaka tisa iliyopita tukafundishwa kubebesha, yaani kukiunga kijiti cha aina bora juu ya shina la kienyeji. Tulijifunza kuchuma kwa mkasi na kuacha kikonyo, na tunda likianguka chini hatulihesabu tena, hata likiwa zuri namna gani. Tulijifunza pia kulilaza tunda kwenye chumba cha ubaridi kabla halijapanda kontena, kwa sababu kontena kazi yake ni kuulinda ubaridi, halimpozi aliyekuja na joto lake.

Kazi yako, kama ulivyotueleza

Alhamisi iliyopita ulikuja bila mwaliko, na karatasi mkononi yenye namba ya kontena. Ukasema, "Nawatafuta wenye mzigo huu. Ulinisumbua sana, nikasema likizo hii nikawaone." Tukakupa kiti na chai ya maziwa. Wengi waliopo leo siku ile hawakuwapo, kwa hiyo turuhusu tuwasimulie.

Meli anayofanyia kazi mgeni wetu inabeba makontena ya baridi mia nne, yamepangwa moja juu ya jingine kama nyumba ya ghorofa. Kila moja lina mashine yake upande wa mwisho, na waya wake umechomekwa kwenye umeme wa meli. Humo mna samaki wanaotaka kuganda kama jiwe, mna nyama, mna maua, mna dawa za hospitali. Parachichi yetu inataka nyuzi tano. Zikizidi inaiva. Zikipungua sana inaungua kwa baridi, unaikata unakuta ndani nyeusi.

Basi yeye ndiye anayeyapitia yote, asubuhi na jioni, anasoma namba za kila mashine na kuziandika. Meli ikiyumba anajifunga mkanda. Feni ikifa anapanda na nyingine begani, anaifunga hukohuko juu, maji ya chumvi yanampiga usoni. Sisi tunaofuga ng'ombe wa ndani tulimwelewa upesi. Huyu ana zizi la ng'ombe mia nne, kila mmoja na homa yake, halafu zizi lenyewe linacheza!

Kosa letu

Kontena letu lilipanda meli likiwa salama. Siku ya sita, Fundi akaona hewa inayotoka kwenye matunda ina joto kuliko ilivyotakiwa. Akakagua mashine, nzima. Akasema moyoni, humu kuna kitu kinaiva na kinawaamsha wenzake. Akawaandikia wakubwa wake nchi kavu, wakamruhusu, akakifungua kile kidirisha kidogo cha kuingiza hewa safi. Kisha akalikalia macho siku ishirini na tano. Walipolifungua ng'ambo, mapaleti mawili ya maboksi yaliyokuwa mlangoni yalikuwa yameoza, kumi na nane yakawa mazima. Katikati ya yale yaliyooza walikuta chane tatu za ndizi, zimeoza nyeusi.

Mgeni rasmi, hilo lilitutia aibu mara mbili. Nani asiyejua hapa kwamba ukitaka ndizi mbichi ziive haraka unazifukia pamoja na moja iliyoiva? Tunalijua tangu tunanyonya, na bado likatupita.

Tukamtupia lawama dereva wa lori, Loserian wa Olmotonyi. Akatujibu, "Mimi ni mtu wa maziwa na nyama. Ndizi zenu nizifiche za nini?" Hatukumsadiki. Miezi minane tulimnunia.

Alhamisi ile mwenzetu Hedwiga Nanyaro alikuwa amekaa karibu na mlango, kikombe mkononi. Ulipomaliza kueleza akauliza, "Baba, na ndizi zangu, mabaharia walizila?"

Watu wakageuka kumtazama.

Hedwiga ndiye aliyepanga maboksi ya mwisho. Aliona milango inataka kufungwa, akawaza: watu wanatubebea mzigo mpaka mwisho wa dunia, tunawaachaje waende hivihivi? Tangu aolewe, hakuna aliyetoka uani kwake na mzigo kichwani asipewe cha kula njiani. Akakimbia nyumbani, akarudi na ndizi kisukari zilizoiva vizuri, akazisukuma nyuma ya boksi. Alidhani mabaharia wanalifungua kontena kila jioni, kama mtu afunguavyo friji kuangalia maziwa, kwa hiyo aliamini zake zilishaliwa na zilizokutwa ni za Loserian.

Ulimjibu kwa upole, "Bibi, halifunguliwi. Lina lakiri. Nikiivunja mimi nimefukuzwa kazi."

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaifunga kanga yake vizuri, akasema, "Basi ni mimi. Niitieni Loserian."

Loserian akaja. Alipoombwa radhi akasema, "Siku nyingine nipe mimi, Bibi. Kwa ajili yako nitazila." Yupo hapa leo, amekaa mbele, na sisi sote tumemwomba radhi.

Maombi

Mavuno ni wiki tatu kutoka leo. Mnunuzi wetu amesema hatalichukua kontena jingine mpaka ajue kwa hakika kwamba tulichuma vizuri na kupoza vizuri. Tukilikosa, matunda yataondoka kwa magunia ya madalali, na kazi ya miaka tisa itarudi kuwa ya nguruwe.

Jumapili baada ya ibada tulikaa kuyaandika maombi haya. Mzee Eliamini alitaka picha kubwa ya meli, tuitundike bandani. Mwingine alitaka kipimajoto. Mwingine alisema mgeni wa kwanza hakamuliwi, tumwimbie tu, tumpe mbuzi. Tukakubaliana kumaliza kwa baraka: Mungu aliyeuweka Meru usitikisike aishike na meli yako isipinduke, na kila unapopanda ngazi akutangulie, na kila unaposhuka akukute mzima.

Tukataka kusema amina. Hedwiga, ambaye tangu Alhamisi hakuwa amefungua mdomo kikundini, akasimama.

"Mnasema amina na ombi hamjalisema? Huyu ndiye peke yake aliyeziona zile namba tangu siku ya kwanza. Picha ya meli tutakula? Andika, Fransiska, andika kama ninavyosema. Tunataka amwandikie mnunuzi barua. Aseme parachichi zilipanda meli zimepoa, na ndizi ni za Hedwiga Nanyaro. Aandike jina langu lote, asilifiche. Mimi nataka kontena liondoke."

Ni sisi,
Kikundi cha Parachichi Mfereji wa Juu, Akheri
Imeandikwa na kusomwa kwa niaba ya wote na Bibi Fransiska Akyoo