Mutoto Aliponyamaza, Kamashini Kakalia

Ndugu zangu, Bwana asifiwe kwa pumzi tunayovuta asubuhi hii, maana mi nimejua sasa kwamba pumzi si kitu cha kuzoea. Munanijua, mi ni ule mama muzee wa Mbugangari aliyekuwa anauza viazi vya Mudende kabla magoti hayajakataa. Masomo sikufika mbali, kwa hiyo nitasema kama nilivyoona, na nikipotea njia munivumilie, nitarudi.

Nilizaliwa Mudende katika nyumba ya majani. Moshi ulikuwa unapanda, unapenya majani yenyewe na kutoka inje. Tunakohoa, tunalala, tunaamka. Halafu tukaja mujini, nyumba ya mabati na simenti, mulango mumoja, dirisha moja. Na munakumbuka usalama ulivyokuwa mudogo ile miaka. Jua likishuka, kila mutu anajifungia. Mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa, tulikuwa tunaliacha inje mpaka moshi umekwisha na makala yamekuwa mekundu, ndipo tunaliingiza ndani tupate joto. Tulisema moshi umekwisha, basi hatari imekwisha. Asubuhi kichwa kinauma, miguu kama si yangu. Mi nikakemea mapepo. Nilikemea sana, ndugu zangu. Yalikuwa makala.

Mwana wa kaka yangu, anayefanya kazi Ubelgiji, alikuja kutusalimia, akalala kwetu, akaamka anatapika. Aliporudi kule alitutumia kamashini keupe, kadogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kazi yake ni kutambua ile sumu ya makala, ambayo haina harufu wala rangi, na kupiga kelele. Alituonya tusidanganyike: ziko zingine za moshi tu, zinafanana, lakini makala yakishawaka bila moshi, hizo zinanyamaza.

Sasa kukaweka wapi? Hapo maneno yakaanza. Mudogo wangu Godeliva, aliyeolewa Goma, anavuka mupaka kila siku na mboga zake. Akasema, "Yaya, dada yangu mukubwa, gesi inalala chini. We hujui mazuku? Mbuzi anakufa, ngombe anasimama tu anakula majani." Mazuku ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini huku kwetu penye volkano na kujaa mashimoni. Hakuna mutu wa hapa asiyeijua. Donc, kwa hiyo, tukakafunga kwenye muguu wa kitanda.

Vestine, muke wa mwanangu, alikuwa na mimba kubwa. Akasoma karatasi ya Kifaransa iliyokuja na kamashini. "Mama, wameandika kawekwe juu, usawa wa kichwa cha mutu anayelala. Hii sumu inachanganyika na hewa yote, inatembea na joto. Si mazuku."

"Karatasi ya watu wasio na volkano," Godeliva akajibu.

"Wao hawana volkano, na sisi hatukuwa na mashini, mama mudogo."

Godeliva akacheka, lakini hakukubali, na mi nilikuwa upande wake. Kilichokapandisha kale kamashini ni maji. Kila tukiosha sakafu, kalikuwa kanarukiwa. Nikasema bon, sawa, kapigilieni musumari huko juu, kasiharibike. Mungu anaweza kutumia hata kitambaa cha kudekia.

Vestine akazaa mutoto mwanaume. Kwetu muzazi anakaa kwenye joto, hiyo ni desturi, na Godeliva alikuja kumulinda na kumupikia uji wa mutama. Siku ya kumupa mutoto jina ilikuwa haijafika. Lakini kulia, alijua. Tulichoka. "Huyu ni kwaya," Godeliva alisema, "kwaya ya mutu mumoja."

Muchana mumoja, mvua ikashuka kutoka upande wa volkano, na baridi yake. Godeliva akaingiza mbabula, akafunga mulango, akaziba dirisha na kitenge. Mi nilikuwa kibarazani, ninamenya viazi. Mutoto akanyamaza. Nikashukuru, nikasema leo amelala. Halafu kamashini kakaanza kulia.

Godeliva akatoka, anashika ukuta. "Yaya, kadudu kako kameharibika. Nikatoe betri?"

Nilikuwa karibu kusema ndiyo, kwa sababu kelele zile zingemuamusha mutoto. Hapo neno likanigonga kifuani: mbona hajaamka?

Nikaingia. Vestine macho wazi, anataka kusimama, miguu inakataa. Nikanyakua mutoto, nikatoka naye kwenye mvua. Alikuwa mulegevu kama nguo yenye maji. Nikaomba, na jina sikuwa nalo la kumutaja, nikasema tu, "Huyu, Bwana. Huyu." Godeliva alikuwa anamukokota Vestine kupita mulangoni, anamuita mama yetu. Mvua ikamupiga mutoto usoni. Akakunja uso. Akalia.

Hospitalini waliwapa Vestine na mutoto hewa ya oksijeni, wakawalaza, wote wawili wakarudi nyumbani. Siku hizi Godeliva akifika anaangalia kwanza kwenye musumari, ndipo ananisalimia mi.

Basi, mwenye ndugu ulaya amuombe mashini ya sumu ya makala, si ya moshi. Kasifichwe nyuma ya pazia, kasikae karibu na muvuke wa sufuria. Mi kila Jumamosi, nikishapiga pasi nguo za ibada, ninabonyeza kidude chake mpaka kalie, ninakapangusa na kitambaa kikavu. Betri yake haiendi kwenye redio, hata kama kuna mupira. Na mugongoni kameandikwa mwaka wa kustaafu. Ukifika, tafuta kengine, hata kama katalaa, ile taa yake ndogo, bado kanawaka. Lakini zaidi ya yote mbabula ikae inje. Kamashini ni mulinzi, si ruhusa.

Mutumainieni Mungu, ndugu zangu. Mi ninamutumainia, na dirisha ninaliacha wazi kidogo.

Mutoto ni yule pale nyuma, mugongoni kwa Vestine. Akianza kulia katikati ya mahubiri, ninaomba musimugeukie na macho mabaya. Mumuache alie.