Mama Evelina Ndalahwa wa Kiseke na Salamu Zilizodhaniwa Hazikujibiwa

Marehemu mama yetu Evelina Ndalahwa alizaliwa Usagara, wilaya ya Misungwi, tarehe 14 Agosti 1957. Alisoma hapohapo hadi darasa la saba, kisha akabaki nyumbani kulea wadogo zake.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na mzee Nkwabi Shimba, wakahamia Kiseke. Mzee alimtangulia mwaka 2011. Mama aliuza dagaa sokoni miaka mingi. Wateja hakuwaita, aliwasalimia tu kwa majina, na sauti yake ilifika hadi kwa wauza mkaa.

Mwaka 2016 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari akasema ni ugonjwa wa Parkinson. Vidonge vilikuwa vya kumezwa kwa saa maalumu. Vikichelewa, miguu iligoma kabisa kunyanyuka. Mkwe wake Gladness, mke wa mwanawe Pius, akagundua kwamba akimwimbia nyimbo za kwaya, miguu inafunguka. Mama alimtania, "Imba tu mwanangu, hata ukikosea. Mimi nitatembea hivyohivyo."

Kilichomuumiza zaidi si kutetemeka. Uso ulikakamaa, sauti ikafifia, watu wakasema siku hizi anaringa. Shikamoo aliisikia, ila jibu lilichelewa kutoka, na aliyemwamkia alikuwa ameshapita. Jirani yetu mama Winnie alimwamkia sokoni, hakusikia jibu, akakasirika, akaacha kuja kwetu. Mama akawa anamtazama dirishani tu.

Siku moja, mwaka jana, Gladness akamfuata mama Winnie. "Dada, njoo umpe shikamoo tena, halafu usiondoke."

Akaja, akaamkia. Kimya. Alipoanza kugeuka, Gladness akamshika kanga. Ndipo mama akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu. Na ile ya sokoni pia, marahaba."

Walicheka huku wanafuta machozi. Tangu hapo mama Winnie alikuwa akija jioni kumnywesha uji, naye alijifunza kusubiri.

Mwezi Mei mwaka huu chakula kilimpalia mama, akapata homa ya mapafu, akalazwa. Alifariki tarehe 9 Juni 2025 alfajiri, Pius na Gladness wakiwa kando yake.

Ameacha watoto watatu, Paulo, Odeta na Pius, wakwe, na wajukuu saba, mdogo wao Precious.

Wengi mliopo hapa mlimwamkia mkaona kimya. Familia inaomba mjue kwamba mama aliwaitikia wote, ila mlikuwa mmeshapita.

Mungu ampokee mama yetu, apumzike kwa amani.