Yustina Dismas na Macho Aliyotaka Kuyaacha Guangzhou

Dada yetu Yustina alizaliwa Ijumaa, tarehe 3 Machi 1961, hapa hapa Mahenge. Alikuwa mtoto wa pili wa hayati Mzee Dismas na wa Mama yetu huyu tuliyemkalisha kiti cha mbele. Alikuwa mtoto mtundu, tusidanganyane kwa sababu leo ni msiba. Baba yake alipoanza kupofuka, Yustina ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kanisani, na njia nzima alimsimulia mambo yasiyokuwepo: mara mbuzi wa Padri amepanda juu ya paa, mara katekista amevaa kiatu cheusi mguu mmoja na chekundu mguu wa pili. Mzee alikuwa akicheka mpaka anasimama njiani. "Yusta," alimwambia, "siku utakayoniambia ukweli, sitakuamini."

Alianza darasa la kwanza hapa Mahenge mwaka 1968, akachaguliwa kwenda sekondari ya Kilakala, Morogoro, alikomaliza kidato cha sita mwaka 1980. Baada ya kutumikia jeshi la kujenga taifa, alisomea stashahada ya maabara Muhimbili. Alipokuja likizo mwaka 1983, alifanya jambo ambalo ndilo lililomfikisha China, kwa hiyo naomba mnisikilize vizuri.

Sisi watu wa Mahenge tunaujua usubi. Mtu akipofuka hapa hatuulizani, ni wale inzi wa mtoni, wanaoacha vijidudu vya kuwasha ngozini. Bibi mzaa baba alipofuka, tukasema usubi. Baba akapofuka, tukasema usubi tena. Yustina akamtazama baba yake shingoni na miguuni, akauliza, "Mbona Baba hajikuni? Mbona ngozi yake safi?" Akamkata kipande kidogo cha ngozi, kidogo kuliko punje ya mtama, akakipeleka maabara ya hospitali na kukiangalia kwenye hadubini. Alirudi amenyong'onyea.

"Baba, huna mdudu hata mmoja."

"Sasa nina nini?"

"Sijui."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Mzee kumwamini mara moja bila kucheka. Na hapo ndipo Yustina alipomgeukia kaka yetu William, ambaye sote tulikuwa tukimcheka kwa kukanyaga kuku jioni na kuwasalimia watu ambao wameshapita. Alimtazama, akaingia ndani, akalia. Alikuwa ameshaelewa kwamba kitu hicho hakitoki mtoni. Kinatoka kwetu, kinapita katika damu, mzazi anampa mtoto bila mwenyewe kujua.

Mwaka 1984 aliajiriwa maabara ya hospitali Morogoro. Huko akakutana na Bartholomeo, mfanyabiashara wa nguo aliyekuja kupimwa malaria, akapimwa na kuambiwa hana, naye akarudi kesho yake kupimwa tena. Mara ya tatu Yustina akamwambia, "Kaka, malaria huna, sema shida yako." Wakafunga ndoa tarehe 12 Septemba 1987. Samwel akazaliwa mwaka uliofuata, na Careen Aprili 1990. Septemba ya mwaka huo huo Yustina alipata nafasi ya masomo ya serikali ya China, akaondoka na kumwacha Careen hajaota jino. Wako waliomsema. Mama mzazi ana roho gani huyo, walisema. Basi roho yake ilikuwa hivi: alikuwa ameshaona kwamba na yeye, jua likizama, kona za macho yake zimeanza kufa.

Baada ya mwaka wa lugha alipelekwa Guangzhou kusoma shahada, na kuanzia mwaka 1996 alifanya utafiti wa shahada ya uzamivu katika maabara ya magonjwa ya macho, chini ya mwalimu wake, Profesa Liang. Mengi tuliyoelezwa hatukuyaelewa, lakini hili Yustina alihakikisha tumelielewa. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba wenye chembe zinazopokea mwanga. Kwa watu wa ukoo wetu chembe hizo hufa, kwanza za pembeni, baadaye za katikati, hadi mtu anabaki anaiona dunia kupitia tundu la ufunguo, na mwisho tundu nalo linafungwa. Dawa hakuna. Haipo hapa, haipo Ulaya, haipo China. Yustina hakuwahi kutudanganya kwamba ipo. Alichokuwa akitafuta ni sababu: chembe zinaanzaje kufa, na ni kipi kinachoharibika kwanza, ili siku moja mtu apate mahali pa kuuzuia ugonjwa.

Damu yetu aliichukua, tulitoa wote. Lakini damu huonyesha tu kwamba kuna kosa. Haionyeshi jicho lilivyoharibika, na jicho la mtu aliye hai halikatwi. Kilichohitajika ni jicho la mtu wa ukoo huu, litolewe saa chache baada ya kufa, kabla utando haujaoza. Baba alikuwa ameshafariki mwaka 1994, tukamzika na macho yake, Yustina yuko mbali. Profesa Liang alimwambia, "Tunavyo vyote. Tunakosa jicho." Yustina alituandikia maneno hayo, na chini yake akaongeza: *Tutalipata wapi, jamani?*

Mwaka 1997 Bartholomeo aliwaacha watoto hapa kwa Mama, akamfuata Guangzhou, akawa ananunua nguo za jumla soko la Shisanhang na kuzituma nyumbani. Wakapanga chumba mtaa wa Kangle, katikati ya mafundi cherehani, marobota ya nguo upande mmoja na kitanda upande wa pili. Bartholomeo Kichina hakukiweza. Alijua maneno ya sokoni tu: kumwita mwenye duka bosi, kuuliza bei, na la kukataa. Mwenye duka akimtupia shati mkononi na kumuuliza, *yao bu yao*, unataka hutaki, yeye hujibu *bu yao*, sitaki, na kugeuza mgongo ili ashushiwe bei. Siku moja alileta mashati ambayo mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Yustina, ambaye wakati huo alikuwa akigonga mikokoteni ya wapagazi mchana kweupe, aliyapapasa akacheka. "Mume wangu, ninayepofuka ni mimi, lakini asiyeona ni wewe."

Februari 1999 alianza kusikia maumivu chini ya mbavu. Ikagundulika kuwa ni saratani ya ini, na imeshasambaa. Aliendelea kwenda maabara hadi Agosti, akiinamia hadubini kwa hicho kijitundu cha kuona alichobakiwa nacho. Wenzake wakimwambia apumzike, anawaambia Samwel ameanza kujikwaa gizani. Siku moja, pale Kangle, alimwambia mumewe akiwa anafunga robota:

"Bartholomeo, nikifa usianze kulia. Kwanza mpigie Profesa achukue macho yangu."

"Yusta, acha maneno hayo."

"Unanipunguzia bei? Sema ndiyo."

"Mama atasemaje?"

"Mama nitamwandikia. Sema ndiyo."

Akasema ndiyo. Barua kwa Mama hakuiandika. Hakuwahi. Kila alipoanza, ilimshinda, maana unamwandikiaje mzazi neno kama hilo?

Yustina alifariki Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1999, mchana, katika hospitali moja ya Guangzhou, akiwa na miaka thelathini na minane. Bartholomeo alikuwa amemshika mkono. Alimpigia Profesa Liang kama alivyoahidi. Profesa akamwambia kwa Kiingereza kwamba sanduku la barafu liko tayari na gari liko tayari, ila sheria ya pale inataka mume aseme ndiyo mbele ya hospitali. Bartholomeo angeweza kusema ndiyo pale pale. Lakini, ndugu zangu, mjiweke mahali pake. Mtu yuko peke yake ugenini, mkewe amelala pale bado ana joto, na mama mkwe hajui lolote. Aliona hawezi kumkata mtoto wa watu bila wenyewe kujua. Akashuka kwenye kibanda cha simu nje ya hospitali, akapiga parokiani, Mama akaitwa.

Mama alilia msiba kwanza. Kisha akaambiwa habari ya macho, akapiga ukelele uliosikika hadi uwanjani. "Bartholomeo, usiniletee mtoto asiye na macho! Nitamtazama wapi?" Bartholomeo akamwomba atulie kidogo, atampigia tena. Akapanda juu, akakaa kwenye korido, kichwa mikononi.

Akaja muuguzi, yule yule aliyekuwa akipitisha chupa za maji ya moto tangu asubuhi na kumuuliza kila mara kama anataka. Akasimama mbele yake, akasema maneno mengi taratibu, na mwisho wake Bartholomeo alishika moja tu: *yao bu yao?* Hakuinua hata kichwa.

"*Bu yao*," akajibu.

Muuguzi akauliza tena. Na yeye, kwa uchungu, kwa kuchoka na hayo maji yao, akakaza sauti kama yuko Shisanhang: "*Bu yao! Bu yao!*" Muuguzi akainama kwa heshima, akaondoka.

Bartholomeo akashuka tena simuni. Safari hii Mama alikuwa ametulia. Alikuwa amekaa na Samwel, akamtazama. Alisema, "Baba yake Samwel, wape. Yule ni mtoto wangu, namjua, asingeomba jambo la bure. Wape macho, ila mniletee aliyebaki." Bartholomeo akapanda ngazi mbio akilia na kushukuru kwa pamoja. Kitanda kilikuwa kitupu, mwili umeshapelekwa mochwari. Akasema ndiyo kwa Kiswahili, akasema kwa Kiingereza, akasema *yao, yao, yao*, akishika macho yake mwenyewe kwa vidole ili wamwelewe, na watu kwenye korido wakadhani msiba umemtia wazimu, wakamkalisha chini na kumletea maji ya moto. Hospitali ilikuwa imeshampigia Profesa kumwambia mume amekataa, na kwa kuheshimu msiba Profesa akarudisha gari na kwenda zake, simu ya maabara ikalia bila mtu. Alipopatikana mtu wa kutafsiri, taa za mji zilikuwa zimewaka na chembe zile zimeshakufa zote. Profesa Liang alikuja hata hivyo. Alikaa sakafuni karibu na Bartholomeo.

Sasa, tangu jeneza lishuke jana, kuna mnong'ono humu msibani kwamba Wachina wamemng'oa Yustina macho. Wako waliokuja kuaga mwili huku wakichungulia kope. Aibu iwashike. Macho yake yamo, yote mawili, mazima. Laiti yasingekuwemo! Tungekuwa tunamzika huku kuna kitu chake kinaendelea kufanya kazi. Leo tunayafukia, kama tulivyoyafukia ya Baba. Na wewe Bartholomeo, shemeji yetu, ambaye hujala tangu ufike na umekataa kukaa na wafiwa, familia imesema njoo ukae hapa mbele. Hukumkataa mkeo. Mama ndiye aliyetaka hili lisomwe mbele za watu wote.

William amesema asubuhi ya leo kwamba akifa yeye, yake yachukuliwe bila kuulizana. Tumemshukuru. Hakuna aliyethubutu kumuuliza ni nani atakayefika Mahenge na sanduku la barafu kwa muda huo.

Marehemu ameacha mama mzazi, anayeona; mume, Bartholomeo, anayeona; kaka, William, ambaye haoni; mdogo wake, Melania, anayewasomea haya na ambaye jioni siku hizi hushika ukuta. Ameacha watoto wawili: Samwel, miaka kumi na mmoja, haoni gizani, na Careen, miaka tisa, ambaye tulikuwa tukimwombea kila siku awe ameepuka, na ambaye juzi magharibi, tukiwa tumekaa msibani, aliuliza mbona hatuwashi taa. Taa ilikuwa inawaka.

Pumzika kwa amani, Yusta. Sisi tunabaki tunapapasa.