Wanafuata Nini kwa Clement?

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nyuma ya jengo letu, karibu na mlango wa kushushia mizigo, mahali ambapo jua la Palo Alto huanza kuchoma mapema. Birika la kahawa la umeme tumelitoa nje kwa waya mrefu unaopita dirishani, na mkuu wetu amechoka kutukataza. Ng'ambo ya maegesho ya magari kuna jengo la pili la kampuni, jengo la Clement Yarrow. Zamani tulikaa tumelipa mgongo. Mwezi uliopita tuligeuza benchi, na asije mtu akakudanganya kwamba tulifuata kivuli. Tuligeuza ili tuone nani anaingia kule.

Tuko watatu. Vidole, aliyezaliwa Orrin Haugen, ndiye aliyebuni kibao chetu cha vidole vitano: vitufe vitano tu vya mkono wa kushoto, unavibonyeza kwa pamoja kama mpiga kinanda, kila mbonyezo ni herufi au amri, na mkono wa kulia umeshika kipanya. Bi Sekunde, Constance Takeda, ni msomi wa saikolojia anayepima jinsi mikono na macho ya watu yanavyokwenda mbele ya kompyuta, na ile saa yake ya kupimia haitoki shingoni hata akila. Mimi wananiita Kitabu. Niliandika kitabu cha maelekezo ya mtambo wetu wa kuandikia kwenye kompyuta, kinene cha kuzuia mlango, na ndimi ninayewafundisha wageni kwa wiki sita mpaka wauzoee. Mtambo wa Clement hauna kitabu. Mtu anakaa, anaanza. Hilo linaniuma kuliko jino.

Alhamisi hiyo roho zilikuwa juu zaidi. Makao makuu yalikuwa yamemtuma bwana mmoja kutoka mashariki, Prentiss Lockridge, aje achague: mashine mpya za kampuni zitumie njia yetu au njia ya Clement. Akichagua ya Clement, kibao cha Vidole kinang'olewa na darasa langu linafungwa. Jana yake alikuwa kwetu. Leo tangu asubuhi yuko kwa Clement, na sisi tuko benchini tunatoboa lile jengo kwa macho.

Vidole: Hajatoka tu?

Bi Sekunde: Hajatoka. Kwetu jana alikaa nusu ya muda huu.

Vidole: Si alisema ana kikao!

Bi Sekunde: Alisema. Nikamwona yuko nje anatazama miti.

Mimi: Jamani, msitishike. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Bi Sekunde: Kitabu, huo msemo umeuweka upande gani? Kwa Clement watu wanajipeleka wenyewe. Sisi ndio tuliozunguka ofisi hadi ofisi tukigawa matangazo ya darasa lako.

Mimi: Nilikuwa nawapa nafasi.

Bi Sekunde: Wakaikataa.

Vidole alicheka kwa pua, kisha akaanza kugonga benchi kwa mkono wa kushoto. Ndiyo tabia yetu wote tuliokizoea kile kibao: tukiwa na neno lisilofaa kusemwa, tunaligonga. Nikamsoma herufi kwa herufi. Alikuwa anamtukana Clement, na tusi lilikuwa refu.

Bi Sekunde: Nimeelewa mpaka la mwisho, Vidole. Mama yake kakukosea nini?

Vidole: Kumzaa. Huyu mtu alikaa hapa hapa, dada. Hapa ulipoweka kikombe. Nilimshika vidole kimoja kimoja kumfundisha. Akawa hodari kuliko mimi, nikafurahi, nikajisemea sasa nina mwenzangu. Halafu siku moja ananiambia, "Orrin, nadhani watu hawapaswi kujifunza hivi." Akachukua koti lake akavuka.

Mimi: Asante ya punda.

Vidole: Na mimi ndiye niliyemtetea apewe ajira!

Hapo tukashusha sauti, maana Delphine, katibu wa mkuu wetu, alikuwa anakatiza maegesho na bahasha mkononi, anaelekea kule. Hakutupungia mkono. Huyu ndiye aliyetuanzishia balaa. Kwenye mtambo wetu lazima ujue uko katika hali gani, ya kuandika au ya kuamuru, kwa sababu herufi ile ile ukiwa kwenye kuandika ni herufi, na ukiwa kwenye kuamuru ni amri. Delphine aliinuka kupokea simu. Aliporudi alidhani yuko kwenye kuandika, akaendelea na sentensi yake kwa kasi yote tuliyomfundisha. Mashine ikatii kila herufi. Ripoti ya mwaka mzima ikafutika mbele ya macho yake.

Mimi: Nilimwambia imeandikwa kitabuni. Sura ya tisa.

Bi Sekunde: Ulimwambia akiwa analia, Kitabu.

Mimi: Ningemwambia lini?

Vidole: Kosa ni lake. Angetazama pembeni ya kioo, kuna alama inamwambia yuko wapi.

Bi Sekunde: Alama yenyewe ni ndogo kama chawa.

Vidole: Kubwa ingekula nafasi! Mtu makini anaiona. Haraka haraka haina baraka.

Bi Sekunde: Wewe! Wewe unayeuza kibao cha haraka kuliko vyote duniani, leo ndiye wa kusema haraka haina baraka?

Vidole: Haraka yangu ina mafunzo.

Basi Delphine akahamia kwa Clement. Kule herufi ni herufi siku zote. Ukitaka kufuta neno, unaligusa kwanza kwa kipanya, likakolea weusi, ndipo unabonyeza futa. Likiwa si lenyewe unaliona kabla halijaondoka. Nasikia ndivyo ilivyo. Baada ya Delphine wakafuata wahasibu, wakafuata watu wa maktaba, na juzi nilimwona mke wa mkuu anaingia, mama ambaye hata mashine ya taipu anaigusa kwa kidole kimoja.

Vidole: Mimi nishajua siri yake. Donati.

Mimi: Donati?

Vidole: Mtambo kauweka jirani na jiko. Kila asubuhi anashusha boksi zima la donati za moto. Mtu akikaa pale puani sukari, machoni kioo, unadhani atasema mtambo mbaya? Anasifia donati, wao wanaandika kasifia mtambo.

Bi Sekunde: Donati hata sisi tunaleta.

Vidole: Za jana.

Mimi: Si donati, ni ile karatasi. Kioo chake cheupe, maandishi meusi, kama karatasi iliyosimama. Watu wanadhani wanaijua kwa sababu karatasi wanaijua. Ni kiini macho. Kompyuta ni kompyuta, karatasi ni karatasi. Unamdanganya mtu mzima kwamba amekaa mezani kwake!

Bi Sekunde: Na wewe umemwambia ukweli, akakimbia.

Mimi: Ukweli unauma, ndiyo dawa yake.

Bi Sekunde: Nyote hamjui kitu. Sikilizeni sayansi. Ile mashine yake iko chini ya meza, si ndiyo? Mashine inatoa joto. Joto linapanda, linapasha ubao wa meza, ubao unapasha kipanya. Mtu anashika kitu kidogo, cha mviringo, cha uvuguvugu. Mkono unadhani umeshika paka. Mkono ukipata paka, moyo unapoa, na moyo ukipoa mtu anasamehe kila kosa la mtambo.

Vidole: Lo!

Bi Sekunde: Iko hivyo.

Mimi: Umelipima hilo joto?

Bi Sekunde: Kipimo cha nini? Ni jambo linaloeleweka.

Mimi: Wewe, Constance, ambaye uliipima kasi yangu ya kukoroga sukari?

Bi Sekunde: Sitaki kwenda kujipendekeza kule. Clement ameniandikia mara kadhaa nikapime watu wake. Aje yeye aniombe kwa mdomo. Vipimo vyangu vinaonyesha kibao cha Orrin kinampita kila mtu kwa kasi, kila mtu! Nimevitundika ukutani. Nani anavisoma? Wanapita wanaelekea kwa yule, wanacheka, wanarudi wanacheka. Sijawahi kumwona mtu anatoka chumbani kwangu anacheka.

Hilo alilisema kwa sauti ya chini, akaishika saa yake kama anataka kuivua. Mimi nilitazama kikombe changu. Wivu wake niliuelewa kwa sababu ulikuwa na ukubwa sawa na wangu.

Vidole: Basi mimi niwaambie kubwa kuliko zote. Ule mshale. Mnajua ule mshale wake kwenye kioo, unaotembea ukisogeza kipanya?

Mimi: Ndiyo.

Vidole: Umelala. Haujasimama wima, umeinamia kushoto. Mtu akiutazama kutwa shingo inaufuata, kichwa kinainama kushoto, damu ya ubongo inahamia upande mmoja. Na upande huo ndio wa kukubali mambo! Mmemwona Delphine anavyotembea siku hizi?

Bi Sekunde: Anatembea vizuri.

Vidole: Kichwa, dada! Kichwa!

Tulisimama wote watatu kumtazama Delphine akitoka kule. Naapa, kwa muda ule kichwa chake kilikuwa kimeinama kushoto. Alikuwa anatafuta funguo za gari kwenye mkoba, lakini nani alikuwa na haja ya kulitaja hilo?

Mimi: Anawalevya, mwizi yule.

Vidole: Si ndiyo nasema! Kibao changu hakimlevyi mtu. Kibao changu kinamheshimu mtu, kinamwambia unaweza kuwa hodari, jifunze. Binti yangu ana miaka minane, ananigongea usiku mwema kwenye kiganja. Herufi zote, bila kosa. Wakiking'oa kwenye mashine, nani atajua anachosema mwanangu?

Bi Sekunde akamwongezea kahawa ingawa kikombe chake hakijaisha. Hapo ndipo mlango wa jengo la Clement ulipofunguka, akatoka Bwana Lockridge, tai imelegezwa, koti begani, akaangaza huku na huku, kisha akaja moja kwa moja kwetu.

Mimi: Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Vidole: Kaeni vizuri. Bi Sekunde, ondoa hayo makombo ya donati.

Bwana Lockridge: Habari zenu jamani. Naweza kuomba kahawa? Kule wameishiwa.

Vidole: Karibu sana, bwana. Hapa haiishi.

Akamiminiwa, akaketi ukingoni mwa benchi, pale pale alipokuwa akiketi Clement. Akanywa kidogo. Alionekana mtu aliyechoka, asiye na ubaya na mtu.

Bwana Lockridge: Nitawaambia wazi. Nina shida, na nadhani ninyi ndio wa kunitoa.

Vidole: Sema, bwana. Sema yote.

Bwana Lockridge: Naandika barua ya kupeleka makao makuu. Nikisema tunachagua mtambo wa Yarrow, wakubwa wataniuliza ubaya wake uko wapi. Sasa watu wake wameniambia yale wanayoyajua, lakini mwenye chungu haoni masizi yote. Tena nikuambie, Bwana Haugen, Yarrow amenieleza kwamba kwa kasi kibao chako hakina mpinzani. Yeye na watu wake huwa wanakuja kwenu Jumamosi kukitumia, wamenionyesha vizuri mahali wanapokwama na mahali panapowafurahisha. Ameniambia nisikitupe kabla sijawasikia ninyi.

Vidole alikuwa ameanza kugonga benchi, akaacha. Nadhani alitamani Clement angemtukana.

Bwana Lockridge: Kwa hiyo nimekuja kuwasikia. Bado sijaamua. Mkinipa sababu, naisimamia. Ninyi mlipokaa kwenye mtambo wa Yarrow, mlikwama wapi?

Nilimwangalia Vidole. Vidole alimwangalia Bi Sekunde. Bi Sekunde alikuwa ananiangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye maneno.

Bwana Lockridge: Hata kitu kidogo. Popote.

Nilitafuta. Nilipekua kichwa changu sura kwa sura. Nikakuta donati, karatasi, paka na shingo. Kote huko sikukuta mkono wangu umeshika kipanya cha Clement hata mara moja, na nilipowatazama wenzangu tena niliona na wao wanatafuta mahali pale pale.

Bi Sekunde: Joto... joto la meza, labda.

Bwana Lockridge: Meza ina joto? Sikuliona. Wewe lilikusumbua mkono gani?

Bi Sekunde akaitazama mikono yake. Bwana Lockridge akasubiri kwa adabu. Akatuzungushia macho wote watatu, na nikaona sura yake inabadilika polepole, si ya hasira, ya mtu aliyeelewa. Akamalizia kahawa yake akasimama.

Bwana Lockridge: Mlango wao haufungwi. Nawapa hadi saa kumi. Nitakuwa ofisini kwa mkuu wenu.

Akaingia ndani. Ng'ambo, mlango wa Clement ulikuwa wazi kweli, na sauti ya mtu anayecheka ilitoka ikatufikia.

Vidole: Saa ngapi sasa?

Bi Sekunde: Muda upo.

Mimi: Upo wa kutosha.

Birika lilikwisha. Hakuna aliyekwenda kulijaza, wala aliyeinuka kwa lolote. Jua lilihama, likatukuta hapo hapo benchini, kila mmoja akimlinda mwenzake asije akatangulia kuvuka.