Presha Hiyo Si ya Tito

Pale Rau, ng'ambo ya barabara kutoka yadi ya kampuni moja inayopandisha wageni mlimani, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Wapagazi hukaa hapo kusubiri safari, wakinywa kahawa ya Mektrida, mwenye jiko la hapo, na kutatua mambo yote ya dunia ambayo hawakuulizwa. Asubuhi hiyo jambo lilikuwa hema jeupe lililosimikwa ndani ya yadi. Dada Stella wa ofisini alimsumbua bosi mwaka mzima mpaka akakubali: wauguzi waje hapo hapo kazini, wampime kila mfanyakazi presha, sukari na uzito, bure kabisa. Getini pakabandikwa tangazo kwamba asiyepimwa hapandi safari ya Jumatatu. Tito aliposoma tangazo hilo, chapati akaiacha nusu. Wenzake walimwita Mtungi, maana hakuna aliyebeba mitungi ya gesi mlimani miaka mingi kumzidi, na mlima ndio uliokuwa maisha yake. Sasa kichwa kilikuwa kinamgonga kila asubuhi tangu mwezi uliopita, na kaka yake Jacob alianza hivyo hivyo: akapimwa, akaambiwa presha, mlima ukaishia hapo, na leo yuko kijijini Kibosho anafukuza kuku barazani. Tito hakumwambia mtu. Alikaa mwisho wa benchi na kikombe chake cha tano.

— Shikamoo, meku, mzee wetu, alimsalimu Davis, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimwi.

— Marahaba.

— Umeona hema? Mimi nina habari za ndani.

— Za ndani ya nini? aliuliza Mektrida akipuliza mkaa. Wewe hata ndani kwako unapiga hodi.

— Sikilizeni, bana. Wana utepe wa kupima kiuno. Kiuno cha nini? Wanataka kujua nani anakula chakula cha wageni kule kambini!

— Acha fiksi, alidakia Primus. Huyu walimwita Wakili. Mlango wa mahakama hakuwahi kuuona, lakini hakuna kanuni ya mlimani asiyoijua wala methali asiyoipindisha. Ile sindano ya kidole, aliendelea, inatafuta pombe, mbege yetu. Ukinywa Jumapili, Alhamisi wanaiona.

— Yesu wangu! alisema Godbless. Na ya Krismasi je?

Godbless ndiye waliyemwita Chuma. Kijana mwenye shingo nene, akiona mwenzake amechoka anabeba mizigo miwili, na tangu azaliwe hajameza hata panadoli. Alijisifia hilo kila siku, na wenzake walimsaidia kujisifu.

— Hayo madogo, alisema Davis. Kuna nchi inataka kupeleka watu mwezini. Mwezini hakuna hewa. Sasa niambieni, duniani hapa nani amezoea kufanya kazi pasipo hewa na furushi kichwani? Sisi! Wanachagua, hao.

— Mwezini kuna mtori? aliuliza Godbless.

Benchi likaangua kicheko. Tito hakucheka, na Mektrida akaliona hilo.

— Mtungi, wewe leo huchangii?

— Nasikiliza.

— Unaogopa.

— Nani? Mimi? Niogope kitambaa cha kufunga mkono?

Kahawa ikamwagika gotini. Primus akasogea karibu, akashusha sauti kama yuko na mteja.

— Meku, usihangaike. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Maana yake, mpaka kilio kipigwe, hufichuki. Umesikia kilio hapa?

— Sijasikia.

— Basi ficha.

— Nifiche wapi, na mkono wangu ndio unaofungwa?

— Begi likizidi kilo kule geti la mlimani tunafanyaje?

Hilo hakuna mpagazi asiyelijua. Begi zito linalala kichakani, begi jepesi linapanda mizani kwa jina la lile zito, na mpimaji akigeuka, safari inaanza.

— Jepesi linapita kwa niaba ya zito, alijibu Davis.

— Haya. Na hapa begi letu jepesi ni nani?

Wote wakamgeukia Godbless.

— Chuma, unaingia na kofia ya Mtungi, unasema wewe ni Tito. Ukitoka, unavaa ya Redio, unakuwa Davis. Halafu unakuwa mimi. Wale wauguzi wametoka mjini, hawamjui mtu.

— Na Stella je? aliuliza Godbless.

— Stella yuko karakana anawavuta madereva. Nenda sasa hivi.

Tito angeweza kukataa. Badala yake alivua kofia yake kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi kijana.

Chapati zilizungushwa mara mbili kabla Godbless hajarudi, kifua mbele.

— Vipi?

— Wamenishangaa! Dada mmoja kanipima, akatazama mashine, akanipima tena. Akaniuliza, kaka, umekuja unakimbia? Nikamwambia nimevuka barabara tu. Akanipumzisha, akapima mkono wa pili. Halafu akamwita mwenzake aje aone.

— Aje aone! Davis aliruka. Mnasikia? Mpaka wanaitana!

— Damu nzito kuliko maji, alisema Primus kwa heshima kubwa. Mashine yao imezoea maji.

— Wakaniambia nisiondoke. Walipogeuka kutafuta dawa gani sijui, nikachomoka nije nibadilishe kofia.

— Chuma, mwezini unakwenda wewe!

Walishangilia mpaka tofali likachomoka chini ya benchi. Hata Tito alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Begi lake lilikuwa limepita mizani. Jumatatu yuko mlimani, na kuku wa Jacob watafukuzwa na Jacob peke yake.

Mektrida tu ndiye hakucheka.

— Dawa? Mtu mzima kama huyu anatafutiwa dawa ya nini?

Hapo muuguzi mmoja akaonekana anavuka barabara mbio mbio, koti jeupe linapepea nyuma. Kifuani pameandikwa Yuditha. Alifika akihema.

— Habari zenu, jamani. Samahani. Nani hapa anaitwa Tito?

Swali jepesi namna ile! Watu waliokuwa na majibu ya dunia na ya mwezi, sasa kila mmoja anachungulia kikombe chake. Primus akajaribu kuomba muda.

— Unamtafuta Tito kwa sifa zipi?

— Aliyepimwa sasa hivi. Presha yake imepanda mno, sijui hata anatembeaje. Akipanda mlima na hali ile anaweza kuanguka huko juu asirudi. Nawaomba, nani Tito?

Godbless akajishika shingo polepole. Hakuna aliyewahi kumwona Chuma akiogopa.

— Kaa kimya, Primus alimnong'oneza Tito. Ukisema ni wewe, umekwisha. Chuma akisema ni yeye aliyepimwa, tumekwisha wote. Huyu dada atachoka, ataondoka.

Tito akamtazama yule kijana aliyevaa kofia yake. Safari iliyopita, pale kwenye mawe, Tito aliteleza. Godbless akauchukua mtungi, akaupachika juu ya mzigo wake mwenyewe, na mpaka leo hajamwambia mtu. Aibu ikampanda Tito usoni, ikawa hasira, akasimama.

— Tito ni mimi. Lakini presha hiyo si yangu. Ni ya kijana huyu. Amelibeba jina langu kama anavyobeba kila kitu.

— Meku! alilia Primus.

— Nyamaza! Mabegi uliyotupitishia yanatosha.

Yuditha aliwatazama mmoja mmoja. Akamshika Godbless mkono.

— Twende, kaka. Taratibu.

— Na mimi nakuja, alisema Tito. Unipime mimi, kwa mkono wangu huu huu.

Ndani ya hema walimlaza Godbless kitandani. Stella alikuwa amerudi, mikono kiunoni, tayari kumpasha mtu. Alipoona uso wa Chuma, akaishusha. Tito akaketi kwenye kiti.

— Jina? aliuliza Yuditha.

— Tito.

— Tito yupi sasa?

— Tito mwenyewe, mama.

Kitambaa kikambana mkono. Tito akafumba macho, akaona kuku.

— Fumbua macho, baba. Presha yako nzuri.

— Pima tena.

Akapima tena.

— Nzuri. Natamani ingekuwa yangu.

— Na kichwa kinachogonga je?

— Kahawa unakunywa vikombe vingapi?

— Kwa siku, au kabla ya mchana?

— Na maji?

— Maji yapo mlimani.

Yuditha alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

— Anza na hapo, baba. Maji mengi, kahawa kidogo. Kichwa kikiendelea, uje tukitazame.

Pale kitandani sauti nyembamba ikatoka, ambayo hakuna aliyedhani ni ya Chuma.

— Dada Stella, nimefutwa?

Hilo ndilo lililokuwa tumboni mwa benchi zima tangu asubuhi.

— Akufute nani? Stella alimsogelea. Mwaka mzima nagombana na bosi ili nimpate mtu kama wewe kabla hajaanguka, halafu nikufute? Jumatatu hupandi. Gari inakupeleka hospitali sasa hivi. Utatibiwa, na daktari akikuruhusu, nafasi yako ipo. Bosi mwenyewe ameahidi mbele yangu. Ipo, umesikia?

Godbless akalia waziwazi, na Tito akamkumbatia lile lishingo lake.

— Aika, dada, alisema Tito. Asante sana.

Palepale akatoa simu, akampigia kaka yake. Jacob! Waache hao kuku! Shuka mjini, mambo ya presha siku hizi yana dawa! Kisha akatoka getini mikono juu, kama mgeni aliyefika kileleni.

— Wakili! Redio! Vukeni! Kila mtu na kofia yake!

Wakavuka. Wakaja madereva, wakaja wapishi, foleni ikatoka nje ya geti ikakata kona. Hapo Primus akamwona Mektrida nyuma yake kwenye foleni, akaona kanuni imevunjwa.

— Jamani, Mektrida si mwajiriwa wa kampuni!

— Bila kahawa yake ungekuwa umelala mpaka sasa, alisema Stella. Mpishe mbele yako.

Tito, hana habari, alivuka kwenda kijiweni kujipongeza kwa kikombe cha sita. Akakuta benchi tupu, jiko limezimwa, birika limepinduliwa juu chini.

— Mektrida! alipaza sauti. Kahawa!

— Imekwisha! Sauti ikatoka kwenye foleni. Kanywe maji, yadi nzima tumesikia!