Goti Juu ya Tumbo la Kaka

Marehemu, aliyejulikana kwa wengi kama Kifaru, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi viatu. Mama yake anasema alitoka tumboni akirusha mateke. Ndugu zake hawajawahi kubisha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985. Akiwa darasa la tano alimng'oa mwenzake jino kwa ngumi, kisa alimkuta akimburuta paka kwa kamba. Alichapwa viboko sita mbele ya shule nzima, akarudi nyumbani na paka.

Mwaka 1990 aliajiriwa machinjioni. Hakuruhusu ng'ombe apigwe akiwa kwenye foleni. "Akiogopa, nimemuua mara mbili," alisema. Ni yeye aliyemtafutia kazi hapo mdogo wake, huyu anayewasomea.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1998 na fundi cherehani, baada ya kumnolea mikasi mwaka mzima bila kusema neno la maana.

Mwaka 2020 alianza kushikwa na hofu za ghafla. Moyo ulimwenda mbio, jasho likamtiririka, kichwa kikamgonga, akapiga kelele kwamba anakufa na kurusha ngumi. Alivunja milango miwili na pua ya mkaguzi wa nyama. Zahanati walimpima akishatulia, wakakuta presha nzuri, wakampa dawa za kutuliza hofu. Dawa hizo zimewasaidia wengi; yeye hazikumfaa. Kazini walimdhibiti kama fahali: kamba miguuni, goti tumboni. Goti lilikuwa la mdogo wake.

"Tulia, kaka!"

"Niachie, utaniua!"

Siku moja mbavu mbili zilivunjika.

Aprili 2024 daktari alimpima hofu ikiwa imempanda, akakuta presha 240 kwa 130. Vipimo vya mkojo na picha vilionyesha uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo, ukimwaga homoni ya hofu kwenye damu. Alipewa dawa za kumwandaa kwa upasuaji wa tarehe 10 Juni, na karatasi yenye onyo: tumbo lisikandamizwe, uvimbe ukibanwa humwaga zaidi. Aliificha kwenye droo ya cherehani.

"Mdogo wangu akiisoma atajilaumu mpaka afe," alimwambia mkewe. "Ngoja wanitoe hiki kitu, tutamwambia huku tunacheka."

Alhamisi, tarehe 6 Juni, saa tatu asubuhi, alishikwa tena na hofu akiwa machinjioni. Mdogo wake aliwahi wa kwanza, akamrukia kwa goti na nguvu zake zote. Damu ilimtoka kaka puani. Alikata roho sakafuni, saa nne kasoro robo.

Shemeji, aliyeyasimulia haya ya karatasi baada ya kifo, alikataza yasiandikwe. Mdogo mtu ameyaandika, kwa sababu hawezi kuyabeba peke yake.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mama mzazi, dada watatu, na mdogo wake mmoja, anayemwomba msamaha mbele yenu.

Pumzika, kaka. Hakuna atakayekushika tena.