Bampa Lililoota Mvi

Benchi la kahawa la Connie, kando ya njia iendayo Grande Barrière, mpaka wa kuvukia Goma, lilikuwa limezoea kutibu siasa na ndoa za watu, lakini bampa lilikuwa halijaletewa. Asubuhi hiyo, mvua ikiwa imekatika na ukungu ukiwa bado juu ya ziwa, Mzee Kimenyi aliegesha gari lake hapo na kuuweka mkebe wa rangi ya kupuliza katikati ya vikombe. Plastiki nyeusi ya bampa ilikuwa imeota mvi kwa jua la miaka mingi, na gari hilo ndilo lingempeleka bintiye Uwase kanisani kufunga ndoa kabla ya adhuhuri. Kimenyi, mhandisi mstaafu aliyerudi kutoka Tanzania, alikuwa amejaribu pembe moja tu. Rangi ilitoka ikikohoa, ikatiririka kama uji.

— Ni baridi, akaeleza. Rangi ikipoa huwa nzito, haitawanyiki. Nimepiga hesabu: mkebe ukipata joto la mkono, tumepona.

— Weka ku makaa, Muzee Hesabu! akasema Volcan, mchuuzi wa viatu aliyepewa jina hilo kwa kuusifu mlima wa volkano wa Nyiragongo katika kila jambo.

— Ulipuke, bibi harusi atuokote vipande vipande? akauliza Kimenyi.

— Bon, twende Goma, akasema Volcan. Kule udongo iko na moto chini. Tunalaza voiture juu ya mawe, bampa inaiva.

— Inaiva? Ni bampa ao ndizi? akadakia Ngoga, askari mstaafu. Mi nasema amashyuza, ile maji ya moto yenye inaponyaka migongo. Tunaingiza gari kinyumenyume, matako tu!

— Banange! akapiga yowe Connie, aliyekulia Uganda. Bibi harusi aende kanisani na matako ya gari yanachuruzika?

Kimenyi alijikuta, kwa aibu, akikadiria kina cha maji ambacho kingeziba bomba la moshi.

Connie akachukua maji yote yaliyobaki ya kahawa, akayapoza yakawa vuguvugu, akautumbukiza mkebe.

— Kahawa imeisha, akatangaza. Mkebe umekunywa.

Kimenyi akautikisa mkebe, akaridhika. Kisha akaligusa bampa. Barafu tupu.

— Rangi ikitua hapa, itashika jasho la baridi, ibanduke.

— Donc, tuikumbatie, akasema Volcan.

Hesabu ilikubali. Kimenyi akavua koti la harusi, akapiga magoti. Wenzake wakabanana naye, vifua kwenye plastiki.

— Ngoga, pumua ku bampa, haiko ku shingo yangu! akalalamika Volcan.

Pikipiki ikasimama. Uwase akashuka, nywele tayari, kitenge juu ya gauni jeupe, akilitafuta gari. Akamwona baba yake, shavu limelala kwenye bampa, macho amefumba.

— Papa, leo naolewa mimi ao gari?

Volcan akamtazama Ngoga. Ngoga akamtazama Connie. Kimenyi akafumbua jicho moja.

— Subiri kidogo, mwanangu. Limeanza kupata joto.